Muhuri wa Jumatano

Mdogo wake hakupanga foleni. Aliwapita watu kumi na tano waliokuwa wakisubiri kwenye dirisha la masjala ya mahakama, sare yake nyeupe ya uuguzi bado mwilini, akasukuma kile kimlango cha mbao ambacho raia hawaruhusiwi kukipita, akasimama mbele ya meza ya dada yake.

"Wamekupa nini?" akauliza.

Bi Muhuri aliinua uso. Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi wake, lakini pale mahakamani hata hakimu alimwita hivyo, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa hakuna karatasi iliyotoka masjala bila kupita chini ya mkono wake wa kulia.

"Nani amenipa nini? Mbona unahema hivyo? Kaa kwanza."

"Sikai. Nakuuliza, wamekupa nini mpaka ukawamwagia habari zangu? Cheo? Ofisi yenye kiyoyozi?"

"Mdogo wangu, sikuelewi."

"Utanielewa. Leo asubuhi kamati ya nidhamu ya hospitali imeniita. Nikajua wataniuliza habari za mgomo wa chama chetu, nikaenda na majibu yangu. Mwenyekiti hata mgomo hakuutaja. Amevua miwani, akaifuta taratibu, akaniuliza mbele ya watu saba: 'Dada, ile hali yako ya mwaka ule imerudi?'"

Bi Muhuri alijua ni hali gani. Hata hivyo akauliza, "Hali gani?"

"Hali gani! Wodi namba tisa, dada! Amesema mtu aliyelazwa wodi namba tisa wiki sita hawezi kuongoza wauguzi mia tatu. Nimesimamishwa kazi."

"Punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Si wewe uliyeamua wasikie?"

Foleni yote ilikuwa ikisikiliza. Mzee mmoja aliyekuja kutafuta nakala ya hukumu ya shamba lake alijifanya anasoma tangazo ukutani, na tangazo lenyewe lilikuwa limebandikwa kichwa chini.

Miaka minane nyuma yule mdogo alikuwa amepoteza mimba ya miezi saba. Akaacha kula, akaacha kusema, akawa anakaa kitandani akiutazama ukuta kutwa nzima. Bi Muhuri ndiye aliyemchukua akampeleka wodi ya wagonjwa wa akili, namba tisa, katika hospitali ya mji mwingine, mbali na macho ya watu, na ndiye aliyemdanganya mama yao kwamba binti yake ameenda mafunzoni. Mwingine aliyejua ukweli alikuwa mume wa mdogo wake tu.

"Tuko watatu tunaojua," akasema yule mdogo, na sasa sauti ilikuwa chini kweli, na ilitisha zaidi. "Mimi, mume wangu, na wewe. Mume wangu yuko melini mwezi wa tano huu, hata nikimtaka naongea naye kwa simu tu. Amebaki nani? Nihesabie, wewe unayejua kuhesabu makaratasi."

"Naapa mbele ya Mungu sikumwambia mtu."

"Usiape. Umeajiriwa mahali pa kuapisha watu, kiapo kwako ni kama kupiga chafya." Akageuka. Kwenye kimlango akasimama. "Nyumbani kwangu usije. Na mama nitamwambia mwenyewe, kabla hujamwambia wewe."

Akaondoka. Mama Pacha, mpiga chapa aliyekaa meza ya pili, alikuja na glasi ya maji. Bi Muhuri hakuigusa. Maneno mawili yalikuwa yamemganda sikioni kama maji ya kuogelea: kwa simu.

Ili ieleweke kwa nini maneno hayo yalimganda, inabidi kurudi nyuma miaka miwili.

Miaka miwili hiyo ilipoanza, mtoto wa kike wa fundi cherehani wa mtaa wa pili alichukuliwa njiani akitoka shule. Alikuwa na miaka tisa. Waliomchukua walipiga simu kwa mama yake wakasema wanayotaka, na mji mzima ukakosa raha. Sheria ya Kusikiliza Mawasiliano ilikuwa ndiyo kwanza imepita. Ilisema Kitengo cha Usalama kinaweza kuisikiliza simu ya mtu, lakini kwanza kiandike sababu, hakimu aisome sababu hiyo na kuitia saini, na karani wa masjala aiingize fomu kwenye daftari maalumu na kuipiga muhuri. Bila muhuri, hakuna kusikiliza.

Fomu ya kwanza kabisa ilikuwa ya mtoto yule. Hakimu aliisoma mstari kwa mstari, akauliza maswali matatu, akatia saini. Bi Muhuri alipiga muhuri kwa nguvu mpaka wino ukaruka. Siku ya tatu mtoto akapatikana hai kwenye chumba cha mashine mbovu ya kusaga. Yule fundi cherehani alikuja masjala akalia mezani pa Bi Muhuri kwa furaha mpaka daftari likalowa. Tangu siku hiyo, mtu aliyeisema vibaya sheria ile mbele ya Bi Muhuri alikuwa anatafuta ugomvi.

Halafu fomu zikaanza kuzaana. Mwezi wa pili zilikuja tano. Mwezi wa sita, ishirini. Baadaye ikawa kila Jumatano saa nne asubuhi inaletwa bahasha nene ya kaki, fomu thelathini, arobaini. Aliyezileta ni ofisa wa Kitengo ambaye watu wa masjala walimpa jina la Tabasamu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona lake. Hakimu akawa anatia saini huku akizungumza kwa simu na wajukuu zake. Baadaye akawa anatia saini fomu tupu, rundo zima, Kitengo kikajijazie chenyewe. Na Bi Muhuri? Bi Muhuri alikuwa anapiga. Ko, ko, ko, mdomo ukiongea na Mama Pacha habari za mapazia, mkono ukipiga. Mkono ulikuwa umeizoea kazi hiyo kiasi kwamba haukuhitaji macho.

Siku ile ya ugomvi, watu wa foleni walipokwisha, alifungua kabati la chuma akalitoa daftari. Fomu hazikuwa na majina, zilikuwa na namba za simu tu. Akakaa nalo, akaanza kusoma, kidole kikishuka ukurasa kwa ukurasa. Mama Pacha akamuuliza kama haendi kula. Akafunua ukurasa mwingine.

Namba ya mdogo wake aliijua kwa kichwa kama anavyoijua tarehe yake ya kuzaliwa. Aliikuta ukurasa wa sitini na tatu, wiki saba nyuma, siku ya Jumatano. Muda: siku tisini. Sababu: usalama. Neno moja tu. Chini yake saini ya hakimu, na juu ya saini, umekaa sawasawa, haujapinda hata kidogo, muhuri wake.

Alisimama, akaenda kulifunga dirisha la masjala.

Aliporudi akaendelea kusoma, maana sasa hakuweza kuacha. Namba kumi na moja zilizofuata zilikuwa za wauguzi wa hospitali ile ile. Alizijua baadhi, wengine walikuwa wakija nyumbani kwa mdogo wake siku za mapumziko. Ilikuwepo ya mwalimu mkuu. Ilikuwepo ya wakili aliyekuwa akija pale dirishani kila wiki na kumsalimia vizuri. Kwa zote sababu ilikuwa neno lile lile, usalama, usalama, usalama, kama mtoto anayefundishwa kuandika.

Kesho yake asubuhi akaenda chumbani kwa hakimu. Hakubisha hodi mara mbili kama ilivyo desturi yake.

"Mheshimiwa, fomu za Kitengo hazina sababu."

Hakimu alikuwa mtu mzima, mpole wa maumbile, mpenda kashata za karanga. Alimtazama juu ya miwani. "Zina sababu. Imeandikwa usalama."

"Kifungu cha tisa kinasema sababu mahsusi. Nani, anashukiwa nini, kwa ushahidi gani."

"Unataka kunifundisha sheria, Bi Muhuri?"

"Nataka tuifuate, mheshimiwa."

Upole ukamtoka. "Umesahau yule mtoto wa fundi cherehani? Ulilia hapa hapa, kwenye kiti hicho. Ungetaka afe? Unajua Kitengo wamezuia mangapi ambayo mimi na wewe hatuyajui?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka waandike. Ya mtoto yule uliisoma, mheshimiwa. Uliuliza maswali matatu. Mimi mwenyewe nilihesabu."

"Nani amekuja kukulalamikia?"

Hapo Bi Muhuri akaangalia chini, na hakimu akaelewa.

"Kumbe una mtu wako ndani ya fomu," akasema. "Ulikula kiapo cha siri. Ukimwambia mtu kwamba simu yake inasikilizwa, ni miaka mitatu jela, na hukumu nitaisoma mimi. Nenda kafanye kazi yako."

Alipofika mlangoni hakimu akamwita tena. Alikuwa ameinuka, amekwenda kuwasha feni mpaka mwisho, karatasi zikapepea mezani. Akasema chini ya kelele ile, kwa chuki, kama anayemlaumu yeye: "Unadhani yangu haisikilizwi? Mwaka wa kwanza niliwarudishia fomu mbili. Wiki iliyofuata ofisa akaja kunieleza mwanangu anadaiwa nini na nani, na kwa sababu gani. Usinitazame hivyo. Toka."

Jumatano ikafika. Saa nne kamili Tabasamu akaweka bahasha mezani, akasimama kusubiri, mikono nyuma, kama afanyavyo siku zote. Kwa kawaida haikuchukua dakika kumi.

Bi Muhuri akavaa miwani ya kusomea, akatoa fomu ya kwanza, akaisoma. Akaisoma mpaka chini. Akaiweka upande wa kushoto. Akatoa ya pili.

Dakika ishirini zikapita. "Unafanya nini?" Tabasamu akauliza.

"Nasoma."

"Kazi yako si kusoma. Kazi yako ni kupiga muhuri."

"Kifungu cha tisa, afande: karani asipige muhuri fomu isiyo na sababu mahsusi. Zimekuja thelathini na nane. Hizi thelathini na sita nakurudishia."

"Zina saini ya hakimu."

"Saini zipo. Sababu hazipo."

Mama Pacha aliacha kuchapa. Tabasamu alivuta kiti bila kukaribishwa, akakaa, akaegemea meza mpaka harufu ya sabuni yake ikamfikia Bi Muhuri. Alizungumza polepole.

"Mama, wewe una mzazi nyumbani. Ana presha. Jumanne mlikuwa kliniki, daktari akabadilisha dawa. Jioni ukampigia mtu wa duka la dawa ukamuuliza kama vile vidonge vipya vinaleta kizunguzungu. Vinaleta. Mzee kama yule akipata kizunguzungu ngazini, atalaumiwa nani?"

Hofu ilimpata Bi Muhuri kweli, na asingedanganya mtu kwamba haikumpata. Lakini alikuwa karani, na akili ya karani ilikimbilia mahali pake: alikwishalisoma daftari lile lote, na namba yake yeye haikuwemo.

Akachukua kalamu nyekundu. "Naomba urudie taratibu, afande, niandike. Jumanne niliongea na mtu wa duka la dawa, kuhusu vidonge. Kibali cha kunisikiliza kilikuwa namba ngapi?"

Tabasamu akaitazama kalamu nyekundu.

"Nitaandika 'hakikutajwa'." Akaandika. Yote yakaingia daftarini: tarehe, saa, cheo cha ofisa, maneno yake. Akageuza daftari. "Mama Pacha, umesikia? Weka saini hapa kama shahidi."

Mama Pacha alikuwa ameduwaa. Alimtazama Tabasamu, akatazama daftari. Kisha, huku akinong'ona, "Utaniua wewe mwanamke," akaweka saini.

Fomu mbili zilizobaki Bi Muhuri alizipiga muhuri. Moja ilihusu mtu aliyeonekana mara tatu akinunua baruti kwa jina la bandia, ya pili ilimhusu mmoja aliyekuwa akitishia kwa ujumbe kulipua kituo cha mabasi, na ujumbe wenyewe ulikuwa umenukuliwa wote. Hizo zilikuwa na sababu. Akamkabidhi.

"Utajuta," Tabasamu akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza masjala yote kumwona akionyesha meno.

Alipotoka tu, Bi Muhuri alitoa kitabu cha sheria, akasoma tena kifungu cha kumi na nne kuhakikisha haoti. Daftari lilitakiwa kupelekwa Mahakama Kuu kila miezi mitatu, likaguliwe na jaji. Kwa miaka miwili halikuwahi kupelekwa hata siku moja, na hakuna aliyeliulizia. Akalifunga kwa kitambaa, akalitia lakiri ya nta, akajaza hati ya kusafirishia nyaraka, na saa sita mchana gari la mahakama lililokuwa likipeleka mafaili ya rufaa likaondoka nalo. Dereva alitia saini kulipokea kama anavyotia saini kila kitu, bila kulitazama.

Kesho yake wakaja wanne wa Kitengo. Hawakupita dirishani. Walimwaga kabati lote chini, wakavunja droo ambayo haikuwa hata imefungwa.

"Daftari liko wapi?"

"Lilikotakiwa kuwa tangu mwaka juzi. Kwa jaji."

Mmoja akapiga meza ngumi karibu na vidole vyake. "Nani alikutuma?"

"Kifungu cha kumi na nne."

Walimchukua. Walimweka chumba chenye kiti kimoja kwa siku mbili, wakimuuliza swali moja kwa sauti tofauti, mara kwa ukali, mara kwa upole wa kuchukiza: nani mwingine anajua? Aliwajibu kweli tupu, kwamba hajamwambia mtu yeyote, na ilikuwa kweli hadi siku hiyo. Ijumaa jioni wakamwachia na barua ya kusimamishwa kazi.

Jumamosi akaenda kwa mdogo wake.

Alibisha hodi mara nne. Mdogo wake hakufungua mlango. Alikuja dirishani, akasimama nyuma ya nondo, mikono ameikunja kifuani.

"Nilikwambia usije."

"Nimekuja kukwambia kitu ambacho nikikwambia naweza kufungwa. Nisikilize, halafu unifukuze."

"Sema haraka."

"Sikusema siri yako kwa mtu. Simu yako inasikilizwa, wiki ya nane sasa. Kama ulimweleza shemeji kwa simu habari za hali ile, wamezisikia, wakampa mwenyekiti wa kamati."

Mdogo wake akaikunjua mikono, akashika nondo.

"Na hawawezi kusikiliza bila muhuri wa mahakama," Bi Muhuri akaendelea, maana akisita asingeweza tena. "Muhuri niliupiga mimi. Fomu yako ilipita mkononi mwangu. Sikuisoma."

"Hukuisoma."

"Sikuisoma. Nilikuwa naongea habari za mapazia ya chumba cha mama."

Jirani alikuwa akipiga nguo kwenye jiwe, na kila pigo Bi Muhuri alilisikia ndani ya kichwa.

"Bora ungekuwa umesema," mdogo wake akasema mwishowe. "Wallahi bora ungesema kwa mdomo wako. Ningejua angalau siku hiyo ulinifikiria. Kumbe umeniuza bila hata kuniangalia, kama karatasi ya kufungia maandazi."

"Najua."

"Hujui! Unajua ni mambo gani huwa naongea na mume wangu? Nimemkosa miezi mitano, dada. Kuna watu wamekaa ofisini wanasikiliza hayo wakinywa chai!" Akageuza uso, akaurudisha. "Na wiki hii? Ulipiga mihuri mingapi?"

Angeweza kudanganya. "Miwili."

"Miwili! Bado unapiga!"

"Mmoja ananunua baruti. Mwingine anatishia kulipua kituo cha mabasi. Nilizisoma fomu zote mbili, neno kwa neno. Thelathini na sita nimezirudisha."

"Na kesho ukikutana na mwongo hodari wa kuandika sababu?"

"Sijui," Bi Muhuri akasema. "Lakini fomu ya mtu wa baruti ningeipiga muhuri tena."

"Ondoka mbele ya dirisha langu."

Akaondoka. Hakuwa amefika hata kona alipoitwa, si kwa jina wala kwa "dada".

"We! Rudi. Chama chetu kina wakili. Jumatatu saa tatu utakwenda kwake, utayaandika hayo yote na kutia saini. Sikuombi. Nakwambia."

"Nitakwenda."

"Na usidhani ukifanya hivyo mambo yameisha."

Alikwenda. Wakili alikuwa yule yule aliyekuwa akimsalimia dirishani, na Bi Muhuri alilazimika kumwambia na yeye kwamba namba yake imo. Akaliona lile tabasamu lake la adabu likizima kama taa. Tangu hapo alimwita "shahidi" tu.

Chama kikafungua kesi dhidi ya serikali, nayo ikachukua miezi saba. Jaji wa Mahakama Kuu aliagiza daftari liletwe. Lilikuwa stoo, lakiri yake haijaguswa, maana wa stoo naye hakuwa amejishughulisha kulifungua. Wakili wa serikali alisimama siku ya kwanza akamwelezea Bi Muhuri kuwa karani mwenye kisasi cha kifamilia, msaliti wa kiapo, mtu anayewafungulia wauaji mlango. Alimuuliza mbele ya ukumbi mzima kama alikuwa tayari kuwatazama machoni wazazi wa mtoto atakayetekwa kesho. Watu wakaguna. Bi Muhuri alimjibu kwamba fomu ya mtoto aliyetekwa aliipiga muhuri, na angeipiga leo, ila aletewe fomu inayomtaja mtoto.

Siku ya tatu akaitwa mdogo wake. Wakili wa serikali alitaka kumbana kwa ile ile wodi. Kabla hajamaliza swali, yule muuguzi akamkatiza.

"Mheshimiwa jaji, nisimchoshe huyu bwana. Nililazwa wodi namba tisa, wiki sita. Nilifiwa na mtoto nikaugua. Nikatibiwa, nikapona, nikarudi kazini, na tangu hapo nimezalisha wanawake zaidi ya elfu moja. Hilo nilitaka kulisema mwenyewe, kwa mtu niliyemtaka, siku niliyoitaka. Hawa wamenipokonya. Sasa wamwulize mwingine."

Mama yao alikuwa amekaa safu ya pili. Mdogo hakuwa amemwambia bado, na dada wote wawili walikuwa wameiogopa siku hiyo. Mama hakupepesa macho. Walipotoka nje kwa mapumziko, alimwambia yule mdogo, "Mafunzo gani yale ambayo mtu anarudi amekonda, hana hata cheti? Mimi nilijua. Nilikuwa nasubiri mniambie." Kisha akamgeukia mkubwa, na macho yakawa makali. "Wewe, uongo wako wa mafunzo nimekusamehe. Hili la pili kalimalize na mwenzio. Mimi simo."

Hukumu ilisomwa Alhamisi, kwa saa mbili. Jaji hakuifuta sheria, na wengi waliokuja wakitarajia hivyo walitoka wakilaani. Alisema serikali ina haki ya kumsikiliza anayepanga kuua, na raia ana haki ya kutosikilizwa akimlilia mumewe, na kilichotakiwa kuzitenganisha haki hizo ni mtu wa kusoma, naye hakuwepo. Akatengua vibali vyote visivyo na sababu, elfu moja mia tatu na vinne. Akaagiza kila aliyesikilizwa bila hatia aandikiwe barua. Uamuzi wa kamati ya nidhamu ukafutwa, muuguzi akarudi kazini.

Hakimu wa kashata alistaafu mapema kwa sababu za kiafya. Tabasamu alihamishiwa makao makuu, na ilisemekana kwa cheo kikubwa zaidi. Bi Muhuri alishtakiwa kwa kuvunja kiapo cha siri, kwa kuwa kweli alikivunja. Akapewa onyo, na kazi ya serikali akaipoteza kabisa. Alipata kibarua cha kupokea mizigo kwenye ghala la vipuri vya magari, ambako hesabu yao ya boksi ikawa haijawahi kunyooka hivyo, na wenzake wakawa wanalalamika kwamba yule mama mpya anasoma mno.

Barua zile zilipoanza kufika majumbani, mitaa ilichafuka. Kuna waliokuja kumtukana mlangoni kwake, maana jina lake lilikuwa gazetini, na alijua hana la kuwajibu zaidi ya kusimama pale na kusikiliza mpaka wamalize. Mwalimu mkuu alikuja akamtemea mate miguuni. Akaosha viatu, akaenda kazini.

Mdogo wake alikuwa akija kila Jumapili kumwona mama. Bi Muhuri ndiye aliyemfungulia mlango. "Mama yupo?" "Yupo." Anapita. Ilikuwa hivyo miezi minne, chai ikinywewa vyumba viwili tofauti, mama akipaza sauti kuzungumza na wote wawili.

Jumapili moja, akiwa anavaa viatu kuondoka, mdogo wake akasema bila kuinua kichwa, "Sijakusamehe."

"Najua."

"Usije ukadhani kwa sababu naingia humu."

"Sidhani kitu."

Akafunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga upya. "Kliniki ya mama ni Jumanne. Mimi nina zamu ya asubuhi, wewe una ghala lako. Nani anampeleka?"

"Nitaomba ruhusa."

"Omba nusu siku. Saa saba nitakupokea pale pale hospitali." Akasimama, akachukua mkoba wake. "Na usichelewe, maana sitakusubiri."

Akatoka. Bi Muhuri akabaki mlangoni mpaka mdogo wake alipopinda kona, kisha akaingia ndani kumwambia mama.